Shehena Ishuke Kwanza: Nakala Rudufu Kabla ya Kupandisha Toleo la Linux



Mwaka 2016 mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kompyuta yake ya mezani, ameifunga kanga isipate vumbi njiani. Ilikuwa na Ubuntu 14.04, naye alitaka nimwekee 16.04 iliyotoka Aprili ya mwaka uleule. Nikamshauri tufute diski tuanze upya, maana mfumo wake ulikuwa umelimbikiza mabaki ya miaka. "Mwanangu, vitu vyangu havitapotea?" akaniuliza. Nikamwambia havitapotea, mzee. Nikachomeka diski ya nje, nikaingia kwenye folda yake ya nyumbani, nikaandika cp -r, alama ya nyota, na mahali pa kupeleka. Mafaili yakapita mbele ya macho yangu: picha, hati, nyimbo za kwaya. Nikafuta diski, nikasimika mfumo mpya, nikarudisha kila kitu nilichokuwa nimekiona.

Siku ya tatu alirudi. Barua pepe zake hazikuwapo. Alikuwa akitumia Thunderbird, na programu hiyo kwenye Linux huweka barua ndani ya folda inayoitwa .thunderbird, yenye nukta mwanzoni mwa jina. Kwenye Linux, jina likianza na nukta faili hufichwa, na ile alama ya nyota niliyoiandika huyapita majina hayo bila kuyagusa. Akaunti yake nayo ilikuwa imepangwa kushusha barua na kuzifuta kwenye seva ili nafasi isijae. Kwa hiyo nakala pekee duniani ilikuwa kwenye diski niliyoifuta. Miongoni mwa barua hizo zilikuwamo za binti yake, aliyefariki akiwa masomoni ughaibuni. Nilikesha siku mbili na programu za kufufua mafaili, lakini mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuandikwa juu ya yale ya zamani. Mzee hakunigombeza. Aliifunga kompyuta yake kwenye ile kanga, akaondoka.

Kilichoniuma hasa ni kwamba nilikuwa nimechukua nakala. Ningeulizwa siku ile kama nimechukua, ningeapa. Nilichoacha kufanya ni kuifungua nakala ile mbele ya mwenyewe, kabla ya kufuta, nimwambie: mzee, nionyeshe vitu vyako vyote humu. Angeuliza barua ziko wapi ndani ya dakika tano. Hilo ndilo nililokuja kulisema jioni hii, na mengine yote nitakayoyagusa yanalizunguka hilo.

Tuanze na kazi yenyewe ya kupandisha toleo. Mtumiaji wa Ubuntu huandika do-release-upgrade. Mfumo husoma orodha ya programu zilizopo, hupakua mpya, mara nyingi kwa mamia au maelfu, kisha huziondoa za zamani na kuziweka mpya mahali pake moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza, huonya kwamba upakuaji ukishakamilika kazi haiwezi kusitishwa, na hushauri ufunge hati zote zilizo wazi. Watu huibonyeza y bila kusoma. Katikati ya kazi utaulizwa pia, kwa kila faili la mipangilio ulilowahi kulirekebisha na ambalo toleo jipya nalo limelibadilisha, kama ubaki na lako au uchukue la mtunza programu. Ukijibu bila kufikiri, mipangilio ya seva uliyoisuka kwa miaka mitano hubadilishwa kwa herufi moja.

Na njia ni ya kwenda tu. Debian na Ubuntu hazina njia rasmi ya kulishusha toleo likishapanda. Ukitaka kurudi ulikotoka, utarudi kwa nakala yako au hutarudi. Watengenezaji wenyewe hawalifichi hilo. Maelezo yanayoambatana na Debian 13, toleo lililotoka 9 Agosti 2025, yanapendekeza kwa nguvu msomaji achukue nakala ya mfumo mzima, au angalau ya data na mipangilio asiyoweza kukubali kuipoteza. Yanaeleza pia kwamba zana za kupandishia zinaaminika, ila kifaa kikiharibika katikati ya kazi mfumo unaweza kuumia vibaya. Wanaofanya kazi bandarini watanielewa upesi: chombo hakipandishwi kwenye chelezo kikiwa na shehena tumboni. Fundi anaweza kuwa hodari kuliko wote pwani hii, shehena itashushwa kwanza.

Kwetu hapa kuna jambo moja la kuongeza, nalo ni umeme. Ukikatika wakati programu zinabadilishwa, kompyuta inaweza kuwaka ikiwa nusu ya zamani, nusu mpya. Mara nyingi amri ya dpkg --configure -a huimalizia kazi iliyokatika, na nimeiona ikiokoa kompyuta ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Lakini nisingependa kuweka matokeo ya mitihani ya shule nzima rehani kwa amri moja. Kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa, au ya mezani yenye UPS inayofanya kazi kweli, ni sehemu ya maandalizi sawasawa na nakala.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa watu wenye ujuzi na vifaa kutushinda wote tuliomo ukumbini. GitLab ni kampuni inayowatunzia wataalamu wa programu kazi zao, na seva zake ni za Linux. Usiku wa 31 Januari 2017 mhandisi wake mmoja alikuwa akihangaika na seva ya akiba ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Aliamua kufuta folda ya data kwenye ile ya akiba ili aijaze upya. Dirisha alilokuwa ameliandikia amri lilikuwa la seva kuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili, akaisitisha. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki 4.5.

Makosa ya namna hiyo yanaweza kumpata yeyote kati yetu. Yaliyofuata ndiyo yenye funzo. Walikwenda kwenye nakala zao. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa au iliyokuwa imewekwa ipasavyo tangu mwanzo. Picha za diski zilikuwa zimewashwa kwa seva nyingine, si kwa zile za hifadhidata. Nakala ya kila siku, iliyopaswa kupelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, haikuwamo. Hifadhi ilikuwa tupu. Sababu ni jambo ambalo kila anayepandisha toleo anapaswa kulikariri. Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL 9.6, wakati programu ya kuinakili iliyokuwa ikiitwa ni ya 9.2. Matoleo hayakupatana, kazi ikawa inakwama kila siku bila mtu kujua, kwa sababu barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua.

Kitu kimoja kilibadilika toleo, kingine kikabaki nyuma, na nakala ikafa kimyakimya. Hicho ndicho kinachoweza kutokea kwenye seva ya ofisi yako wiki moja baada ya kupanda kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Programu imehama, skripti yako ya zamani inaendelea kuita isiyokuwapo, na wewe unalala ukijua kila saa nane usiku nakala inachukuliwa.

GitLab waliokolewa na bahati. Saa sita hivi kabla ya ajali, mhandisi mmoja alikuwa amechukua picha ya hifadhidata kwa mkono kwa ajili ya jaribio lisilohusiana kabisa na usalama. Kwa hiyo walipoteza saa sita tu: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Kuirudisha huduma kuliwachukua karibu siku nzima, na walilionyesha zoezi hilo moja kwa moja mtandaoni, kisha wakaandika taarifa ndefu kueleza kila kosa. Nawaheshimu kwa hilo. Taasisi nyingi zingefunga mlango na kusema "tatizo la kiufundi".

Nitarudi kidogo nyumbani. Tenzi nyingi za Lamu na Pate zinasomeka leo kwa sababu kuna watu walikaa chini wakazinakili kwa mkono. Muhamadi Kijumwa wa Lamu ni mmoja wao. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa London mpaka sasa, zikiwa salama mbali na mchwa na unyevu wa pwani. Mnakili wa aina ile alikuwa akiusoma kila ubeti wakati anauandika. Hakuweza kunakili ukurasa mtupu akadhani ni utenzi. Mashine inanakili bila kusoma. Itakunakilia folda tupu kwa uaminifu uleule itakaokunakilia folda iliyojaa, na itakuandikia mwishoni kwamba kazi imekamilika. Ile kazi ya kusoma aliyokuwa akiifanya mnakili wa Lamu imebaki kwetu sisi.

Kuna mitego ambayo nimeiona kwa macho yangu, na naomba mniruhusu niichambue kwa karibu.

Ule wa nukta mmekwisha kuusikia. Dawa yake ni kuitaja folda yenyewe badala ya kutumia alama ya nyota: rsync -a, kisha /home/, kisha mahali pa kupeleka, na hapo yaliyofichika huja pamoja na yaliyo wazi. Programu hii ya rsync waliitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996 huko Australia, na ubora wake ni kwamba safari ya pili hupeleka tofauti tu. Kwa mtu anayepeleka nakala kwenye seva ya mbali kwa bando la kununua, hilo ni jambo kubwa. Tahadhari iwe kwenye --delete. Inafuta upande wa pili chochote kisichokuwapo upande wa kwanza, hivyo ukigeuza pande mbili kwa bahati mbaya, diski tupu itaisafisha diski iliyojaa.

Mtego wa pili ni wa siri zaidi. Umeandaa folda, tuseme /mnt/nakala, ambako diski ya nje hupachikwa. Siku hiyo waya umelegea, diski haijapachikwa, lakini folda ipo. Unaendesha amri, gigabaiti mia zinanakiliwa bila kosa hata moja, na zote zinaingia kwenye diski ileile ya ndani unayoikimbia. Andika findmnt /mnt/nakala kabla ya kuanza. Isipojibu kitu, diski haipo.

Tatu, flashi. Flashi nyingi za dukani huja zikiwa na mfumo wa FAT32 au exFAT. FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na yote mawili hayatunzi kumbukumbu za nani anamiliki faili wala nani ana ruhusa ya kulisoma. Kwa picha za harusi hakuna neno. Kwa /etc ya seva, utarudisha mafaili ambayo mfumo hautayakubali. Iwapo huna diski yenye ext4, yafunge kwanza kwa tar. Mzigo wa tar hubeba umiliki na ruhusa ndani yake, na unaweza kukatwa vipande vidogo.

Hifadhidata zina tabia yake. Kunakili mafaili ya MySQL au PostgreSQL huku programu inaendelea kuandika ni kama kumhesabia muuza duka fedha za mtoto wa meza naye anaendelea kupokea na kutoa chenji. Utapata jumla, na jumla hiyo haitakuwa ya saa yoyote ya kweli. Tumia mysqldump au pg_dumpall, au uzime huduma kwanza. Na mjue kwamba Ubuntu 22.04 huja na PostgreSQL 14, 24.04 huja na 16. Debian 12 ina 15, Debian 13 ina 17. Kupanda kwa mfumo hakuhamishi data zako kutoka toleo moja la PostgreSQL kwenda jingine. Hiyo ni kazi ya pili, unaifanya wewe mwenyewe kwa pg_upgradecluster, ukiwa na lile faili la pg_dumpall pembeni.

Wanaotumia Linux Mint wataniambia wana Timeshift. Ni programu nzuri nami naipenda. Lakini kwa kawaida yake inahifadhi mfumo na kuziacha folda za nyumbani, na picha zake mara nyingi hukaa kwenye diski ileile. Itakurudishia kompyuta inayowaka. Tasnifu ya miaka miwili haitakurudishia. Kuhusu diski zilizofungwa kwa LUKS nitasema moja tu: chukua nakala ya kichwa chake kwa cryptsetup luksHeaderBackup, maana kichwa kikiharibika hata mwenye neno la siri hataingia.

Wako pia wanaoletewa kompyuta za zamani wazihamishie Linux, hasa baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo hatari ni kubwa kuliko kote, kwa sababu programu ya kusimika inalo chaguo la kufuta diski nzima, na linaonekana rahisi kuliko mengine. Mwenye kompyuta hajui tofauti. Anayejua ni wewe.

Swali la fedha naliheshimu. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Shule ya kata haitanunua vyombo hivyo kesho. Lakini hesabu ya nakala tatu inajumlisha na ile unayoifanyia kazi, hivyo zinazobaki ni mbili. Diski moja ya nje ikae kabatini. Ya pili inaweza kuwa ya mwenzako wa shule jirani, naye akakutunzia kama unavyomtunzia. Mkataba wa namna hiyo hauhitaji bajeti, unahitaji uaminifu, na data za watoto au wagonjwa zifungwe kwa neno la siri kabla hazijatoka mlangoni.

Nimalizie na kufungua. Sisemi kuangalia ukubwa wa folda. Sisemi kusoma mstari wa mwisho kwenye terminali. Chukua kompyuta nyingine kabisa, chomeka diski ya nakala, na umwite mwenye data akae kwenye kiti. Mwambie afungue hati aliyoiandika wiki hii, kisha ya zamani kuliko zote, kisha picha, kisha barua. Mwulize ni kitu gani anakitumia kila siku ambacho hajakiona. Kwa hifadhidata, irudishe kwenye seva ya majaribio, hesabu rekodi za jedwali moja unalolijua, linganisha na ilikotoka. Kazi hiyo inaweza kula nusu siku. Kisha, baada ya kupanda, subiri usiku wa kwanza upite, na asubuhi ufungue nakala iliyochukuliwa na toleo jipya, uone kama ile skripti ya zamani bado ina uhai.

Wanafunzi wangu, kesho mmoja wenu ataletewa kompyuta na mtu anayemwamini. Ataulizwa kama vitu vitakuwa salama. Nakuomba usimjibu siku hiyo. Mjibu baada ya yeye mwenyewe kukaa kwenye kiti, akazifungua barua zake kutoka kwenye diski yako, akakuambia zipo.